Mwalimu Nyerere na vyombo vyake vya safari: miguu, Austin, Land Rover na TAZARA

Wazee wa Chunya wakianza kuzungumzia usafiri wa zamani, hawakawii kufika kwenye mabasi ya Relwe, malori ya Bedford na Land Rover zenye turubai nyuma. Vijana wanacheka, maana wao wameikuta lami ya kwenda Mbeya. Lakini nyuma ya vyombo hivyo kuna maisha ya mtu mmoja ambaye wasikilizaji wetu wote wanamjua kwa jina, na ambaye safari zake zinaeleza mengi kuhusu nchi ilivyokuwa. Huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Habari zake za siasa zimesimuliwa mara nyingi. Hapa tunamfuata barabarani na relini, tangu alipokuwa mtoto mwenda kwa miguu mpaka aliposimamia ujenzi wa reli inayopita Mbeya hadi leo.

Alizaliwa Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria, Aprili 1922. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Mwaka huohuo wa 1922 ndipo dhahabu ya Lupa ilipoanza kujulikana huku kwetu. Kwa hiyo Mwalimu na machimbo ya Chunya ni rika moja, ingawa walikulia pembe mbili za nchi zilizokuwa mbali kuliko ramani inavyoonyesha.

Umbali wa siku zile haukupimwa kwa kilomita peke yake. Tanganyika ilikuwa na reli ya kati, kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Tabora hadi Kigoma, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914. Kulikuwa na reli ya Tanga kwenda Moshi na Arusha, na kuanzia 1928 tawi la Tabora kwenda Mwanza. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na reli hata moja. Mzigo wa Chunya ulishushwa kwenye treni Itigi, ukapakiwa kwenye lori, ukakata pori kuelekea kusini. Mvua ikinyesha, lori lililala njiani na watu wake. Mbeya na Iringa zilihudumiwa hivyohivyo, kwa malori na mabasi yaliyoendeshwa na shirika la reli lenyewe. Ndiyo maana watu wakayaita mabasi ya Relwe japo hayakukanyaga reli kamwe.

Kambarage alianza shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, huko Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Alifaulu vizuri, na mwaka 1937 akachaguliwa kwenda Shule ya Serikali Tabora. Mwanafunzi wa Musoma aliyekwenda Tabora wakati ule alivuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza, kisha akapanda treni ya mvuke kushuka kusini. Wenye umri mkubwa wanakumbuka treni zile. Cheche ziliruka, shati jeupe lilifika na madoa meusi, na injini ilisimama kunywa maji kila baada ya mwendo fulani.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere, Uganda, akasomea ualimu. Alibatizwa mwaka 1943 na kuitwa Julius. Alirudi Tabora kufundisha shule ya Mtakatifu Maria, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti. Alirudi 1952 na shahada, mwaka uliofuata akamwoa Maria Gabriel, na akaajiriwa kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Pugu ndipo habari ya miguu inaporudi. Mwalimu hakuwa na gari. Mikutano ya chama cha TAA, aliyochaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, ilifanyika mjini Dar es Salaam, nyumbani kwa wazee wa Kariakoo na sehemu nyingine za mji. Siku nyingi alikwenda kwa miguu kutoka Pugu, zaidi ya kilomita 15, akazungumza siasa mpaka usiku, na kesho yake akawa mbele ya ubao anafundisha historia. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU. Machi 1955, baada ya kwenda New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi. Mtu mwenye shahada ya Uingereza, mke na watoto wadogo, akawa hana mshahara.

Sasa fikiria kazi iliyokuwa mbele yake. Nchi ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 900,000. Simu hazipo isipokuwa kwa wakubwa, redio ni chache na ziko mikononi mwa serikali ya kikoloni. Chama hakiwezi kukua bila kiongozi kuonekana. TANU ikajipatia Land Rover, na ndani yake Mwalimu akaanza kuzunguka majimbo.

Tukae kidogo kwenye Land Rover hiyo, kwa sababu bila kuielewa mtu hawezi kuelewa jinsi Uhuru ulivyofika vijijini. Gari la aina hii lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, miaka sita tu kabla ya TANU kuzaliwa. Bodi yake ilikuwa ya alumini, kwa hiyo haikuliwa na kutu. Magurudumu yote manne yalivuta. Viti vilikuwa vigumu, vumbi liliingia kila upande, na mlango uligongagonga. Lakini fundi wa kijijini mwenye spana chache aliweza kulifungua na kulirudishia. Wakoloni walilileta kwa ajili ya mabwana shauri na mabwana shamba, na mwananchi alipoliona kwa mbali alijua kuna kodi au amri inakuja. Halafu siku moja gari la namna ileile likafika, akashuka Mwafrika mwembamba mwenye masharubu madogo, akazungumza Kiswahili kuhusu haki ya kujitawala. Kwa maoni yangu, watu walioshuhudia jambo hilo hawakuhitaji maelezo mengi zaidi.

Mjini alitumia pia gari dogo, Austin A40. Hili halikuwa gari la fahari hata kwa kipimo cha miaka ile: injini ndogo, umbo la mviringo kama kobe, linatosha watu wanne wasio wanene. Limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, karibu na Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na serikali ya Uhuru kwa shughuli za heshima. Anayeyaona magari hayo mawili pamoja hupata somo la historia bila kusoma kibao chochote.

Uhuru ulipatikana 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, na kurudi barabarani kukijenga chama vijijini. Wengi walishangaa. Mwisho wa mwaka huo nchi ikawa Jamhuri naye akawa Rais wa kwanza. Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana.

Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na kiongozi akakatazwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba au kuwa na mishahara miwili. Magari makubwa ya wakubwa yalikuwa yamekwisha kuwa kero. Watu waliwaita wenye nayo Wabenzi, kana kwamba ni kabila. Vijana waliunga mkono Azimio kwa matembezi. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki akiwa njiani kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilomita 200, kwa siku nane. Alikuwa Rais wa nchi, mwenye msafara na madereva, akaamua kwenda hivyo.

Wakati huohuo barabara ya kusini ilikuwa inaua watu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyotegemea reli ya Rhodesia kusafirisha shaba na kupata mafuta, ikabanwa. Njia iliyobaki ilikuwa kupitia kwetu: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma. Sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo. Malori yalipanda Kitonga yakiwa na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Masika tope lilifika kwenye ekseli, kiangazi vumbi lilizuia dereva kumwona mwenzake. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Mabaki ya malori yaliyopinduka yalibaki makorongoni kwa miaka mingi. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilifunguliwa 1968, na lami ilijengwa kwa msaada wa Wamarekani. Lakini Mwalimu na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia walitaka reli.

Hapa ndipo alipokataliwa. Benki ya Dunia ilisema reli hiyo haina faida. Nchi za Magharibi hazikutaka kuijenga. Mwalimu alikwenda China Februari 1965, na Wachina, ambao wenyewe walikuwa maskini, wakakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Ulikuwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Oktoba 1970 Mwalimu na Kaunda waliweka jiwe la msingi Dar es Salaam.

Kazi iliyofuata wazee wa Mlimba na Makambako wanaijua kuliko vitabu. Kutoka bonde la Kilombero reli ilipaswa kupanda mpaka nyanda za juu, ikikata milima na mito kwa urefu wa kilomita zipatazo 157. Kipande hicho kilikula sehemu kubwa ya mahandaki yote 22 ya reli nzima. Maelfu ya vijana wa Kitanzania, pamoja na wa Jeshi la Kujenga Taifa, walifanya kazi na Wachina bega kwa bega, wakilala kwenye mahema na kula wanachokipata. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, kwa ajali na maradhi, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, nje ya Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia nao walipoteza maisha. Reli ilivuka mpaka wa Zambia mwaka 1973, ikakamilika 1975, miaka miwili kabla ya muda, na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Wasikilizaji wetu huuliza kwa nini reli hiyo haikupita Chunya, na kwa nini mtu hawezi kupanda treni Mbeya akafika Tabora moja kwa moja. Jibu la kwanza ni milima na shabaha. Reli ilikuwa inaelekea Tunduma na Zambia, ikafuata tambarare ya Usangu kusini mwa safu ya milima ya Mbeya, na Chunya iko upande wa pili wa safu hiyo. Jibu la pili ni upana. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067, ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni ya vidole vinne hivi, lakini inatosha kuzuia behewa lisipite. Ndiyo maana Kidatu kulijengwa mahali pa kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine.

Kwa mtu wa Chunya, TAZARA ilianza na safari ya kushuka mlima mpaka Mbeya, kilomita zipatazo 70, juu ya lori la tumbaku au ndani ya Land Rover iliyobeba watu kuliko viti vyake. Kisha tiketi, benchi, na usiku mzima wa kusubiri. Kwenye kila stesheni wachuuzi walikuja madirishani: viazi Makambako, ndizi na mchele Mlimba. Asubuhi treni ilipita katikati ya hifadhi na abiria wakaona twiga na tembo bila kulipa kiingilio. Sehemu ya pori hilo leo inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tangu 2019.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusema zamani kulikuwa kuzuri. Haikuwa hivyo, na Mwalimu mwenyewe ana sehemu katika ubaya huo. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuhamia vijiji vya ujamaa kumekuwa amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Malori ya serikali na ya jeshi yakatumwa. Katika sehemu nyingi watu walipakiwa na vyombo vyao, wakashushwa mahali pasipo na nyumba wala kisima, na nyumba za wengine zilichomwa moto ili wasirudi. Kwa familia hizo, mlio wa Bedford si kumbukumbu tamu. Wanaoyatamani malori ya zamani waulize pia bibi zao.

Huku kwetu Nyanda za Juu uchungu ulianza mapema zaidi. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma mashamba ya ujamaa. Kisha aliuweka mwili ndani ya gari la Mkuu wa Mkoa huyohuyo, akaliendesha mpaka kituo cha polisi Iringa mjini na kujisalimisha. Alihukumiwa kifo, na Mwalimu hakumsamehe. Hilo ni moja ya maamuzi yanayobishaniwa Iringa mpaka leo, na sioni kama ubishi huo utaisha karibuni.

Miaka iliyofuata vyombo vya usafiri vilianza kuchoka pamoja na uchumi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na shirika la reli la pamoja likagawanywa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua malori na mabasi kupeleka askari na vyakula mpakani, na mengi hayakurudi, au yalirudi hayafai. Mabasi ya KAMATA yaliegeshwa kwa kukosa tairi. Dar es Salaam mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yale yaliyopinda katikati, yalijaza abiria mpaka mlangoni. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana ili kuokoa petroli, na mwenye gari bila kibali alilala alikokwenda. Kwenye TAZARA, injini za kwanza za Kichina zilizidiwa na miinuko, zikabidi kununuliwa nyingine kutoka Ujerumani.

Mwalimu aling'atuka urais Novemba 1985 kwa hiari yake, jambo ambalo viongozi wengi wa Afrika wakati ule hawakulifanya. Alirudi Butiama kulima. Aliendelea kusafiri, hasa kutafuta amani Burundi, mpaka alipougua saratani ya damu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 77, na akazikwa Butiama. Ndege ilimrudisha nyumbani, na watu wa Dar es Salaam walijipanga barabarani kutoka uwanja wa ndege, wengi wao wakiwa wametembea kwa miguu tangu alfajiri.

TAZARA bado ipo, ingawa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya mzigo iliyojengewa. Treni imechelewa mara nyingi, mara nyingine siku nzima, na abiria wengi wamehamia kwenye mabasi ya lami. Septemba 2024, huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia makubaliano ya kuifufua. Kituo cha Mbeya kiko upande wa barabara ya Tunduma, na jengo lake ni lilelile la miaka ya 1970: refu, la zege, lenye madirisha makubwa na ukumbi unaotoa mwangwi. Ukiwa na safari ya Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yako mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea. Austin iko humo.